Kujaribu gari la mtu kabla ya kulinunua: bima inakuwaje hapa Uingereza?

Mama_Nasra

Wakuu habari za jioni. Niko Leicester, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na meneja ameshaniambia mara mbili kwamba zamu nzuri zinakwenda kwa wenye magari. Kwa hiyo natafuta gari. Bajeti yangu ni pauni 2,800, tukibanana sana 3,000.

Dar niliendesha miaka tisa, Mbagala hadi Posta kila siku, daladala zinanichomekea kushoto na kulia. Hapa leseni yetu wanaikubali miezi 12 tu tangu uanze kuishi, baada ya hapo unarudi kuwa mwanafunzi pamoja na watoto wa miaka 17. Nilifeli mara moja, kwenye kipilefti, niliingia na haraka za Kariakoo. Mara ya pili nikafaulu. Leseni yangu ya hapa sasa ina miezi miwili.

Nimepata magari matatu, yote ya watu binafsi. Toyota Yaris ya 2009 iko Loughborough (ni Vitz yetu ile ile), Honda Jazz ya 2010 iko Hinckley, na Ford Fiesta ya 2011 iko hapahapa mjini, karibu na Narborough Road. Jumamosi sina zamu, nataka kuyapitia yote na kuyaendesha kwa mikono yangu. Shemeji yangu alinunua gari kwa kulizunguka na kusikiliza injini likiwa limesimama. Kwamba gia ya tatu haiingii alikuja kujua akiwa njiani kurudi.

Kinachonichanganya ni bima. Mwenye Yaris kasema, "Gari lina bima kubwa, wewe endesha tu." Mwenye Jazz kasema nije na bima yangu, la sivyo funguo sizioni. Mwenye Fiesta hajajibu. Mume wangu ana bima ya mwaka ya gari lake, na cheti chake kimeandikwa anaruhusiwa kuendesha magari mengine. Naweza kupita humo? Na hizi bima za saa moja au siku moja zinazouzwa kwenye simu ni za kweli? Nikichukua ya siku moja, itatosha kwa magari yote matatu?

Naomba anijibu aliyewahi kufanya, si wa kudhani.

Kijana_wa_Ilala

Dada, msaada sina, niko Dar, nimepita tu na kushangaa. Huku bima ni ya gari. Stika iko hai, una leseni, mwenye gari kakupa funguo, unaondoka. Hata mpwa wake anaondoka. Huko gari lina bima halafu tena halina?

Babu_Bububu

Mama Nasra, salaam. Niko Northampton tangu 1998, nimenunua magari kumi na moja, yangu na ya watoto, kwa hiyo si wa kudhani.

Nianze na kijana wa Ilala maana kauliza swali lenyewe. Huku bima hailifuati gari peke yake. Inafuata ndoa ya mtu na gari. Cheti kinataja namba ya gari na kinataja nani ameruhusiwa kulishika usukani. Jina lako halimo, basi ukikaa wewe gari hilo halina bima, hata kama mwenyewe kalipia bima kubwa ya dhahabu. Mwenye Yaris huenda hakudanganyi, anaamini anachosema. Wenyeji wengi huku wanaamini hivyo, mpaka siku wanayosimamishwa. Zipo bima chache za "dereva yeyote". Akikuambia anayo, mwombe cheti ukisome mwenyewe.

Ruhusa ya mumeo ni ya mumeo. Haihamii kwa mke. Yeye anaweza kukushikia usukani akakujaribia, lakini asome masharti kwanza. Mara nyingi ile ni bima ndogo: akimgonga mtu, mtu analipwa, gari la muuzaji mnalitengeneza ninyi. Kampuni nyingi pia zinataka gari hilo liwe na bima ya mwenyewe tayari. Na gari likishakuwa lake, ruhusa hiyo imekufa hapohapo, haimfikishi nyumbani.

Sasa hizi za muda mfupi. Ni za kweli. Cuvva, Dayinsure, Tempcover, Veygo, wote wanafahamika, na unaweza kuanzia saa moja tu. Nyingi ni bima kubwa, na inasimama peke yake, yaani ukigonga, muuzaji hapotezi punguzo lake la miaka ya kutodai. Mwambie hivyo yule wa Jazz, atakupenda. Lakini kila bima inafungwa kwenye namba moja ya gari. Magari matatu ni bima tatu.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Bima hii usiinunue nyumbani. Inunue ukiwa umesimama mlangoni kwa muuzaji, gari uko nalo mbele ya macho, na umeshalipenda. Inaanza dakika ileile ukitaka. Watu wanalipia magari matatu Ijumaa usiku, Jumamosi wanakuta la kwanza limeoza chini, la pili limeuzwa asubuhi. Na usitegemee kurudishiwa: zile siku 14 za kubadili mawazo ambazo bima ya mwaka inazo, bima ya chini ya mwezi mmoja haina.

Nina sababu nyingine ya kusema hivi. Bi mkubwa wangu alikuwa na miadi ya kujaribu Micra saa nne asubuhi. Usiku wa kuamkia akachukua simu, akaandika 4:00, akalipia saa moja, akalala. Bima ikaanza saa kumi alfajiri, ikaisha saa kumi na moja, mwenyewe anakoroma. Tumekaa huku miaka ishirini na kitu lakini saa bado tunaisoma kwa jua. Tulivyofika kwa muuzaji ndipo akafungua cheti. Sikucheka pale. Nilicheka Jumatatu.

Kabla hujatoka nyumbani, chukua namba za magari yote matatu uziingize kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK, bure kabisa. Utaona kama lina MOT, yaani ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, limefeli wapi miaka ya nyuma, na maili zake kila mwaka. Maili zikirudi nyuma, funga ukurasa. Utaona pia kama lina kodi au limetangazwa liko nje ya barabara, wanaita SORN. Likiwa SORN, bima yako haikusaidii kitu, haliruhusiwi kukanyaga barabara isipokuwa linapelekwa kwenye MOT iliyokwishapangiwa muda. Wewe Fiesta yako iangalie hapo, maana mtu asiyejibu huwa ana jambo.

Ukifika, kabla ya salamu kumalizika, weka kiganja kwenye bonneti. Ikiwa ya moto, kalipasha ili usisikie linavyowaka likiwa baridi. Kisha mwache muuzaji aendeshe wewe ukae pembeni. Hapo huhitaji bima yoyote na utasikia mengi: miguu ya mbele ikigonga, breki zikilia, yeye mwenyewe anavyopigana na gia. Ukiona bado unalitaka, toa simu. Utaulizwa namba ya leseni, namba ya gari, thamani yake, kazi yako, na kama mwenye gari amekuruhusu. Sema kweli yote, hasa hiyo miezi miwili ya leseni. Kampuni nyingine zitakukataa kwa sababu hiyo. Nenda ya pili, usiongeze miaka. Usiguse funguo mpaka cheti kiingie kwenye barua pepe, na ukiweke kwenye simu, maana hifadhidata ya bima inaweza kuchelewa kuliona jina lako.

Soma pia kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho utakibeba mwenyewe. Kwenye bima hizi si kidogo. Mkubaliane na muuzaji mapema nani analipa nini likikwaruzwa.

Mwana_Luton

Babu kamaliza. Mimi naongeza kovu langu.

2019 nilikwenda kujaribu Corsa. Muuzaji alikuwa mtu poa, alikaa pembeni yangu, aliniambia maneno yaleyale ya mwenye Yaris. Gari kweli lilikuwa na bima yake, kwa hiyo kamera za polisi zisingeona kitu. Tatizo lilikuwa taa ya breki ya kushoto, imekufa, hakuna aliyejua. Tukasimamishwa. Askari mpole kabisa, anataka tu kutuambia habari ya taa. Akauliza jina langu, akapiga redio. Halafu akauliza tena.

Faini pauni 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni. Ukiwa na leseni ya miaka mingi unameza unasonga mbele. Mimi nilikuwa na miezi 14 tangu nifaulu, na sheria ya huku inasema dereva aliye ndani ya miaka miwili ya mwanzo akifikisha pointi 6, leseni inafutwa. Inafutwa, haisimamishwi. Nikarudi kwenye leseni ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia upya, wa barabara upya. Dada yangu Mama Nasra, wewe una miezi miwili.

Corsa likaburutwa kwenda kwenye kituo chao, muuzaji naye akaandikiwa kosa lake, la kuruhusu mtu asiye na bima aendeshe. Tulirudi kwa basi moja. Hatukukaa kiti kimoja.

Na msidhani ukinaswa unaweza kununua haraka hizi bima za saa moja ukalitoe gari. Nyingi zimeandika wazi kwamba hazikubali gari lililokamatwa. Kulitoa kunahitaji bima ya aina yake, na kila siku likilala pale linahesabiwa.

BimaPoa

Dada usihangaike na mambo ya masaa. Njoo inbox, bima ya MWAKA MZIMA pauni 350 tu, leseni mpya au ya zamani sawa. Cheti dakika 20. Hakuna maswali. Watu wetu wengi wa Leicester nimewasaidia.

Mwana_Luton

Mama Nasra, inbox usiende.

"Hakuna maswali" ni kwa sababu majibu anayajaza yeye. Anakuandika una miaka 50, umeendesha tangu enzi za Mwinyi, unaishi kijijini. Cheti kinatoka cha kweli kabisa. Au anakitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta. Au analipia, anakutumia, kisha anaifuta na kurudishiwa hela yake. Wewe unaendesha na karatasi. Ni madalali hewa, kama tulivyokuwa na wafanyakazi hewa nyumbani. Mtu anayeuza bima huku lazima awe kwenye rejesta ya FCA, wasimamizi wa biashara za fedha, na ukishanunua unaweza kuangalia gari lako kwenye ile hifadhidata ya bima. BimaPoa, tupe namba yako ya FCA hapa hapa uwanjani.

Wanjiru_wa_Reading

Huyo hatarudi.

Mimi ni Mkenya, nafanya kazi kama yako, dada, kwa hivyo nakuongezea mambo mawili ambayo hawa wanaume hawajayaona.

La kwanza, ukikosa kwa watu binafsi ukaenda kwa yadi, mambo huwa rahisi. Wao wana bima yao ya biashara, na kwa kawaida inafunika mteja anayejaribu gari. Lakini usiingie tu ukakaa. Niliulizwa umri na muda wa leseni, nikatia sahihi karatasi kwamba nikigonga nitalipa kiasi fulani cha kwanza. Yadi moja ilinikataa kwa sababu leseni ilikuwa changa, yule kijana wa mauzo akaendesha mwenyewe nikiwa abiria, akizungumza njia nzima ili nisisikie gari. Nilimwambia anyamaze hadi taa za barabarani. Alinyamaza.

La pili ni la maana kuliko hilo. Ukishapata gari, bima ya mwaka usichague ile ya matembezi na kwenda kazini peke yake. Sisi hatuendi kazini mahali pamoja. Ukitoka kwa mzee wa kwanza kwenda kwa mzee wa pili, hiyo kwa bima ni matumizi ya biashara, na lazima uichague. Nilifanya zamu miezi minne bila kujua. Bei ilipanda kidogo tu nilipoirekebisha. Na hizo za muda mfupi ni vivyo hivyo, usichukue zamu nazo kabla hujasoma zinaruhusu nini.

Mama_Nasra

Nimerudi, ni Jumapili usiku, miguu inauma lakini nina habari.

Fiesta: Babu uliona mbali. Namba yake niliiingiza Ijumaa nikiwa kwenye basi. SORN tangu mwezi wa kumi na moja. Mwenyewe akajibu hatimaye, "Njoo tu, tutalizungusha mtaani." Sikwenda.

Yaris: nilipanda treni hadi Loughborough. Kwenye MOT zake miaka mitatu mfululizo wameandika kutu chini, kila mwaka maneno yanazidi urefu. Nikaweka kiganja kwenye bonneti, ya moto kama chapati. Nikamwomba anizungushe yeye. Kwenye tuta la pili pakasikika mlio chini ya kiti changu kama mtu anavunja muwa. Sikutoa hata senti ya bima. Nilimshukuru, nikaondoka, na yeye bado ananiambia lina bima kubwa.

Jazz: mwenyewe ni mwalimu mstaafu. Bonneti baridi, vitabu vyote vya sevisi kwenye bahasha. Tulizunguka akiendesha yeye, taratibu kama anabeba mayai, nikaogopa ananificha kitu. Nikasema sasa zamu yangu. Nikasimama kwenye ngazi yake na simu. Kampuni ya kwanza ikanikataa kwa leseni changa. Ya pili ikanikubali, saa mbili kwa pauni 23 na senti. Nilichukua mbili badala ya moja kwa sababu najijua. Cheti kilipoingia, mzee alivaa miwani, akakisoma chote, akalinganisha namba ya gari na ile iliyo kwenye bampa, ndipo akanipa funguo.

Nililipeleka barabara kuu ya A47 nikalikimbiza, nikarudi kwa mitaa ya milima, nikarudi rivasi kwenye uchochoro wake, nikafunga breki kwa nguvu mahali pasipo na mtu. Klachi inashika juu kidogo. Nikamwambia. Akasema anajua. Tukatoka 2,850 hadi 2,650.

Halafu likaja jambo ambalo sikulipanga: kodi. Kodi yake haikuhamia kwangu, ilikufa na umiliki wake. Mzee akanikatia kile kipande cha kijani cha kadi ya gari, kina namba ya tarakimu 12, nikaingia GOV.UK hapo mezani kwake, nikalipa. Yeye akawajulisha DVLA, mamlaka ya leseni na usajili wa magari, kwa upande wake. Wakati huo bima yangu ilibaki na dakika 41. Masharti yake yalikuwa yanaruhusu kuendelea nalo baada ya kulinunua, nimeyasoma kwa macho yangu, lakini nikajiona nakwama kwenye foleni dakika ya arobaini na mbili. Na hata likifika, kuliegesha mtaani bila bima ni kosa jingine. Nikamwomba mzee kikombe cha pili cha chai, nikatafuta ya mwaka palepale. Wanjiru, nimechagua matumizi ya biashara. Pauni 1,290. Nilipoona hiyo tarakimu chai ilipita njia siyo.

BimaPoa hajatoa namba yake, naona.

Jazz liko nje, mume wangu analiosha gizani kwa tochi ya simu. Babu, mpelekee bi mkubwa salaam zangu, mwambie niliandika 11:15 nikaisoma mara tatu kabla ya kubonyeza.

Babu_Bububu

Salaam zimefika. Hakucheka. Ameuliza kama mzee wa Hinckley ana Jazz jingine.